Jini Aruke, Lakini Kodi ya Nyumba Ilipwe

Mchawi akipaa na ungo juu ya mapaa ya mabati, hakuna anayepinga. Watoto wanasogelea televisheni, mama anasahau mchele aliokuwa akiuchambua, na baba aliyejifanya anasoma gazeti anainua macho. Tukio linalofuata linamwonyesha mjane fukara akiwapikia wanawe. Sufuria ni mpya, inang'aa, haina hata doa la masizi. Hapo ndipo kelele zinapoanza. "Huyo mama kuni zake hazitoi moshi?" Mjane analia kwenye kioo, sebule nzima inacheka, na filamu imekwisha kufa ingawa imebakiza saa nzima.

Jambo hili nimeliona nyumbani, nimeliona saluni, nimeliona kwenye mabasi ya mikoani, na nimeliona kwenye vibanda umiza ambako watazamaji hawana adabu hata kidogo, na kwa sababu hiyo ndio wahakiki bora tulio nao. Watu wale wale waliokubali ungo uruke wanakataa sufuria isiyo na masizi. Kuna watakaosema huo ni ushamba. Mimi nasema wanatoa hukumu ya haki, tena ya kitaalamu.

Msimamo wangu ni huu: mtunzi ana ruhusa ya kuvunja sheria za maumbile, lakini hana ruhusa ya kuvunja sheria za maisha. Apaishe watu, afufue wafu, ajenge nchi mawinguni. Ila ndani ya nchi hiyo mtu akila, chakula kiwe kimetoka mahali, akipata, awe ametoa, akikosa, aumie. Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Hadithi zetu nyingi za siku hizi, za kuandikwa na za kuigizwa, zimejaa watu wanaopata vya mvunguni wakiwa wamesimama wima.

Ukiwauliza wanaozitengeneza, jibu huwa moja: "Si hadithi tu, ndugu yangu?" Kauli hiyo huniudhi kuliko sufuria yenyewe. Fundi cherehani akikukabidhi shati lililopinda bega hawezi kukujibu kwamba ni nguo tu. Kwa nini tumkubalie mtunzi?

Kisima cha wanyama

Waliotusimulia utotoni walilijua jambo hili bila kulisomea. Chukua ngano ya kisima, ambayo inasimuliwa kwa namna nyingi pande nyingi za nchi. Kiangazi kimekaza, mito imekauka. Wanyama wanakutana, wanakubaliana wachimbe kisima, kila mmoja kwa nguvu zake. Sungura anakataa, ana visingizio. Maji yanapopatikana ananyimwa, naye anaanza kuyaiba. Walinzi wanawekwa, mmoja baada ya mwingine anahadaiwa, mpaka kobe anapojipaka ulimbo mgongoni na kujizamisha majini. Sungura anakanyaga, ananasa.

Hakuna mtoto aliyewahi kuuliza fisi alijifunza wapi kusema. Msimulizi wa pwani huomba ruhusa ya uongo hadharani kabla hajaanza, na wasikilizaji humpa kwa kuitikia. Biashara hiyo imekwisha, hairudiwi. Lakini angalia ruhusa hiyo inafika wapi na inakoma wapi. Kisima hakikuanguka kutoka mbinguni. Kilichimbwa. Wapo waliochubuka mikono, yupo aliyekwepa zamu, na kwa hiyo wizi wa sungura una uzito. Ondoa uchimbaji, useme wanyama walikikuta kisima kimejaa maji, uone kama kuna hadithi iliyobaki. Sungura atakuwa mnyama mwenye kiu aliyekunywa maji, basi.

Na mtoto anayesikiliza anatoka katika nyumba ambamo ndoo zina zamu. Anajua kabisa maana ya dada aliyejifanya mgonjwa siku yake ya kwenda bombani. Uongo wa wanyama wanaosema unamvutia, ila ni ukweli wa zamu ya maji unaomshika asilale.

Kodi iliyochelewa

Shaaban Robert alikuwa karani wa serikali ya kikoloni, na sehemu kubwa ya maisha yake ya kazi aliitumia katika idara ya forodha. Sidhani kama jambo hilo linakumbukwa inavyostahili tunapozungumzia nchi zake za kubuni. Tunamwita mwanafalsafa, mshairi, mlezi wa maadili, na yote ni kweli. Lakini alikuwa pia mtu aliyejua jalada linavyotembea kutoka meza hadi meza, na nani anaulizwa pale hesabu isipotimia.

Tazama anavyofungua mlango wa maajabu katika Adili na Nduguze, kilichotoka mwaka 1952. Ndani yake kuna majini, kuna nyoka ambaye kumbe ni binti wa mfalme wa majini, kuna ndugu wawili waliogeuzwa manyani kwa sababu ya husuda. Je, tunaingizwaje humo? Kwa radi? Kwa moshi wa ubani? Hapana. Tunaingizwa na deni la kodi. Adili, liwali wa Janibu, amechelewesha kodi ya mfalme Rai, na Ikibali ametumwa kuifuatilia. Mjumbe huyo wa kodi ndiye anayemwona mwenyeji wake usiku akiwachapa manyani wawili, na ndiye anayeipeleka habari kwa mfalme.

Msomaji wa Tanganyika ya wakati ule, aliyejua kodi ya kichwa ni nini na mdai kodi ana sura gani, alikuwa amekwishakaa ndani ya hadithi kabla nyani wa kwanza hajatokea. Na hata maajabu yenyewe yana bei. Adili hawapigi manyani kwa kupenda. Ameamriwa na jini, na asipotii atapata adhabu yeye. Kila usiku anawapiga ndugu zake wa damu na kila usiku kunamuuma. Uchawi katika kitabu kile ni kazi ngumu, ya zamu ya usiku, isiyo na likizo.

Kusadikika, cha mwaka 1951, kimekwenda mbali zaidi: nchi nzima iko angani. Hata hivyo ndani yake kuna mashtaka, kuna waziri Majivuno anayeshtaki, kuna Karama anayeshtakiwa kwa kosa la kufundisha uanasheria, na kuna habari za wajumbe sita waliotumwa huku na huku kuitafutia nchi manufaa, wakarudi na maarifa, wakalipwa kifungo. Nchi haina ardhi chini ya miguu yake, lakini ina baraza, ina utaratibu wa kusikiliza shauri, na ina wakubwa wasiotaka kusikia. Kuipandisha nchi mawinguni hakukuiweka mbali na Tanga ya mwandishi hata hatua moja.

Miaka michache baadaye Muhammed Said Abdulla akatuletea Bwana Msa, mpelelezi mwenye kiko ambaye ukoo wake na Sherlock Holmes wa Waingereza haufichiki. Mzimu wa Watu wa Kale, kilichochapwa mwaka 1960, kingeweza kuwa London iliyopakwa rangi ya karafuu. Hakikuwa hivyo, na hata katika vitabu vyake vilivyofuata fumbo aghalabu limejificha mahali ambapo mafumbo ya Unguja hujificha kweli: nani mtoto wa nani, nani alimwoa nani kwa siri, na nani anajua akanyamaza. Kiko cha mgeni, lakini uchunguzi unapita barazani na vyumbani mwa watu tunaowajua.

Wageni nao wamo

Nisije nikaonekana nafikiri maarifa haya ni yetu peke yetu. J.R.R. Tolkien, Mwingereza aliyezaliwa Bloemfontein, Afrika Kusini, mwaka 1892, alijaza vitabu vyake mazimwi na pete za ajabu, lakini alikuwa akipiga hesabu ya siku ambazo watu wake wanatembea na sura ya mwezi inavyopaswa kuwa usiku gani. Msomaji hakai na kalenda kumhakiki. Anachohisi ni kwamba watembea kwa miguu wamechoka kweli na chakula chao kinaelekea kwisha.

Halafu kuna Wakanda. Filamu ya Black Panther ilipotoka mwaka 2018, kumbi za Dar es Salaam na Nairobi zilijaa, watu wamevaa vitenge kama wanakwenda harusini. Nchi hiyo ya kubuni huwekwa upande wetu huu wa Afrika, lakini wenyeji wake wanasema Kixhosa. Sababu haina siri: John Kani, mwigizaji wa Afrika Kusini, alipoigiza mfalme mzee katika filamu iliyotangulia, ya mwaka 2016, alipendekeza itumike lugha yake, nayo ikabaki. Sisi wa huku tuliguna kidogo, tukacheka kidogo, tukaendelea kutazama. Kosa la ramani linasameheka.

Watengenezaji wenyewe walifanya kazi kubwa. Hannah Beachler, aliyebuni mandhari, aliandaa kitabu kizima cha mwongozo kuhusu nchi ile, na mwaka 2019 yeye na mbunifu wa mavazi Ruth E. Carter walipata tuzo za Oscar. Pamoja na hayo yote, tundu moja halikuzibwa. Taifa lenye madini ya ajabu na treni zinazokimbia bila kishindo linampata mfalme kwa mieleka kwenye maporomoko ya maji, na mgeni akishinda asubuhi, jeshi linamtii jioni. Yule mchuuzi wa sokoni tuliyemwona akipita, anasemaje? Biashara yake inakuwaje? Hatuambiwi.

Kinachoiokoa filamu ile, na hapa Mgala tumuue na haki yake tumpe, ni kwamba siri ya Wakanda ilikuwa na bei, na tukaonyeshwa nani aliilipa: mtoto mmoja aliyeachwa Oakland, Marekani, baada ya baba yake kuuawa na ndugu yake mwenyewe. Mtoto huyo anarudi akiwa mtu mzima anadai. Ndiyo maana watu walitoka ukumbini wakimbishania yeye, hawakubishania madini.

Chumba cha kupanga

Sasa turudi kwenye filamu zetu. Msichana anaondoka kijijini, tuseme Singida, na begi moja. Basi linaonekana. Stendi ya Mbezi inaonekana. Tukio linalofuata yuko chumbani kwake: kitanda cha futi sita, pazia zito, meza ya kioo imejaa vipodozi, feni ukutani. Dakika kumi hazijapita, amekutana na kijana mwenye gari.

Nani alilipa? Aliyewahi kupanga Dar es Salaam anaijua hesabu. Mwenye nyumba anataka kodi ya miezi sita kwa mkupuo, na wapo wanaotaka ya mwaka. Dalali anataka ya mwezi mmoja, yake, mkononi, na kabla ya hapo amekutoza ya kukuzungusha uone vyumba ambavyo nusu vina wenyewe. Godoro hujanunua. Ndoo hujanunua. Msichana asiye na kazi fedha hiyo kaitoa wapi? Kama alifikia kwa shangazi, shangazi huyo anaishi na nani, na mumewe ameupokeaje ugeni usio na tarehe ya kuondoka? Kama waliuza mbuzi wa mama, mama anaishije huko alikobaki? Kama kuna mwanamume aliyelipa, tunataka kumwona sura, maana huyo ndiye atakayegonga mlango usiku.

Angalia kilichotokea. Nimeuliza swali la fedha, nikapata hadithi tatu, na kila moja inatosha filamu. Mtunzi aliyeliruka swali hilo alidhani anaokoa muda ili aifikie hadithi haraka. Kumbe hadithi ndiyo aliyoiruka.

Au ingia kwenye nyumba ya wapangaji sita wenye mita moja ya LUKU. Mwenye friji anaapa kwamba friji lake halili umeme. Mwenye pasi anapiga pasi usiku wa manane, akidhani hakuna anayejua. Mwalimu wa chumba cha mwisho ana balbu moja na chaja ya simu, lakini mchango ni sawa kwa wote. Uniti zinakwisha saa mbili usiku na kila mmoja anakaa gizani kimya, anasubiri mwenzake anunue. Wapo wanandoa humo ndani ambao hawajasemeshana wiki nzima na sasa wanalazimika kutafuta kibiriti pamoja. Hapo pana tamthilia ya misimu miwili, na hujahitaji jumba la Mbezi Beach wala gari la kuazima. Ukitaka jini, mwingize. Nataka tu kujua kama jini naye anachangia LUKU, na mwenye friji atamwambia nini.

Vijana wa vibandani wana msemo wao: steringi hafi. Wanausema kwa furaha, lakini ndani yake mna lawama. Wakishajua kwamba mhusika mkuu hatakufa, risasi mia zinageuka kuwa mapambo. Simtaki mtunzi amuue steringi wake. Amwache aishi, ila apoteze kitu ambacho hakirudi: rafiki, sikio, nyumba, heshima mbele ya mama mkwe.

Ushahidi kwamba umbali si kikwazo uko kwenye tamthilia za Kituruki zilizotiwa sauti za Kiswahili. Watu ambao hawajawahi kuiona Istanbul hata kwenye ramani wanaingia ndani mapema ili wasizikose. Majumba ni ya kifahari, majina ni magumu, nguo si zetu. Lakini mle ndani kuna wifi anayechochea na mama mkwe asiyesahau, na kila tabasamu la mezani lina deni nyuma yake. Basi, tumekwishahamia.

Ukweli uliozidi

Upo pia ugonjwa wa upande wa pili, na dawa yake si rahisi. Ni ugonjwa wa mtunzi anayedhani kuwa mkweli ni kuonyesha kila kitu. Gari linafika getini. Linapiga honi. Mlinzi anatoka, anafungua geti, upande mmoja, kisha wa pili. Gari linaingia. Mlinzi anafunga. Mwenye gari anashuka, anafunga mlango, anatembea mpaka barazani. Hakuna lililokuwa la uongo hapo, na hakuna lililotokea. Filamu moja tulikuwa tunauziwa kwa sehemu mbili, ya kwanza na ya pili, na nusu ya kila sehemu ilikuwa mageti.

Waandishi wa vitabu nao wana mageti yao. Mmoja amesoma habari za bandari, anatumwagia kurasa nne za aina za makontena. Shafi Adam Shafi aliandika kuhusu makuli wa bandari ya Unguja na mgomo wao wa mwaka 1948 katika Kuli, na bandari unaiona vizuri tu, kwa sababu unaiona kupitia kwa wanaobeba. Uzito wa mzigo unaambiwa na mgongo.

Hapo ndipo penye siri ya kuchagua. Chukua wodi ya hospitali. Filamu zetu zinahangaika na dripu, koti jeupe na kipimo shingoni mwa daktari. Vyote hivyo ni kweli na havitoshi. Mtanzania aliyewahi kuuguza anaijua hospitali kwa mambo mengine: hotipoti ya uji iliyobebwa kwenye daladala, mlinzi wa geti anayesema muda wa kuona wagonjwa bado, karatasi ya dawa inayobidi kununuliwa nje, ndugu wanaopigiana simu kutafuta wa kuchangia damu, na ukimya wa yule ambaye kila mtu anajua ana fedha. Nionyeshe hotipoti na simu ile isiyopokelewa, mashine za hospitali baki nazo.

Mwandishi wa riwaya Kezilahabi alizijaribu njia zote mbili, ya ukweli na ya maajabu. Rosa Mistika, mwaka 1971, ilikuwa kweli tupu ya nyumba moja ya Ukerewe, baba mlevi na mkali, binti asiyefundishwa kuishi na watu, na ukweli huo uliwachoma wakubwa kiasi kwamba kitabu kilizuiwa shuleni. Mwaka 1990 akaja na Nagona, ambamo ardhi, muda na watu vyote vimelegea. Wahadhiri wanakipenda, na wana sababu nzuri. Mimi nakiheshimu kuliko ninavyokipenda. Simwoni mtu anayesikia njaa mle, na msomaji wa kawaida asipomwona mwenye njaa hukifunga kitabu akaenda kupika. Wapo watakaonikatalia, na waje.

Hesabu inayofika nyumbani

Mtu anaweza kusema haya ni mambo ya wapenda vitabu, hayamhusu mwananchi. Yanamhusu sana. Wengi wetu tunazijua taasisi za nchi kwa mara ya kwanza kupitia hadithi, kabla miguu haijafika huko.

Kwenye filamu kesi inasikilizwa asubuhi na hukumu inatoka kabla ya chakula. Mama wa Kigogo anayekwenda mahakamani kwa mara ya kwanza, shauri la kiwanja cha marehemu mumewe, amebeba nauli ya siku moja na matumaini ya siku moja. Anasikia shauri limeahirishwa. Anarudi mwezi ujao, limeahirishwa tena. Wakati huo shemeji mtu anamnong'oneza kwamba wamalizane nje, achukue kidogo alichopewa. Anachukua. Sisemi filamu ndiyo iliyomdhulumu kiwanja. Nasema hakuna hadithi iliyomwandaa kwa kuahirishwa, wakati kuahirishwa kungekuwa hadithi nzuri: nani anachoka kwanza, na nani anakopa nauli.

Kwenye mali ni vibaya zaidi. Kwa miaka mingi tajiri wa filamu zetu amekuwa wa aina mbili, aliyezaliwa tajiri na aliyetoa kafara. Anayenunua mitumba kwa mtaji wa kukopa, akachagua nguo usiku, akaamkia soko la Karume alfajiri, akaibiwa, akaanza upya, huyo haonekani. Kwa hiyo jirani akifungua duka la pili, mtaa unaulizana amemtoa nani. Mtaa umefundishwa kwamba utajiri hauna jasho. Nchi hii imeshuhudia watu wenye ualbino wakiuawa na kukatwa viungo kwa imani ya aina hiyo hiyo, mpaka serikali ikawapiga marufuku waganga wapiga ramli chonganishi mwaka 2015. Imani ile haikuzaliwa na kamera. Kamera imekuwa ikiipa chakula, na hilo watunzi hawana budi kulikubali.

Na kuna macho mekundu. Mchawi wa filamu zetu ni bibi kizee, kaniki kiunoni, macho mekundu. Mpaka sasa mtaalamu wa vipodozi anajua rangi ya kutumia. Lakini Kanda ya Ziwa, miaka nenda miaka rudi, vikongwe wameuawa kwa mapanga kwa tuhuma za uchawi, na macho mekundu yalihesabiwa kuwa ushahidi. Macho yale ni ya moshi. Ni ya mwanamke aliyepika miaka hamsini kwa kuni, na kuni zikiadimika kwa mabua na samadi kavu ya ng'ombe, ndani ya jiko lisilo na dirisha. Amewapikia watoto, akawapikia wajukuu, na malipo yake yakawa yale.

Hapo ndipo uhalisia unapoacha kuwa suala la ladha. Mtunzi aliyempa mchawi wake macho mekundu bila kuonyesha jiko alikwepa kuuliza macho yale yametoka wapi, kama vile yule mwingine alivyokwepa kuuliza kodi ya chumba. Tofauti ni kwamba kosa la chumba linatuchekesha sebuleni, na hili la pili linaweza kumfikisha bibi wa watu kaburini. Wakaguzi wetu wa filamu wana macho makali sana kwenye urefu wa sketi. Sijawasikia wakiuliza habari za moshi.

Basi ninyi mnaoandika miswada mwaka huu, ya majini, ya wapelelezi, ya nchi zilizo mawinguni, andikeni kwa uhuru wenu wote. Kabla hamjaanza kupiga picha, mpeni muuguzi asome kurasa za hospitali, karani wa mahakama asome za mahakamani, na mpangaji yeyote wa Manzese asome za chumbani. Ukurasa wa mchawi mpelekeeni bibi aliyepikia kuni maisha yake yote, na kama hasomi, msomeeni. Gharama yake ni nauli na chakula cha mchana. Majina yao yaandikwe mwishoni, pamoja na ya waigizaji.